Mbinu faafu za kufunza kusoma katika madarasa ya chini ya shule za msingi

KATIKA darasa la kwanza la shule nyingi za msingi nchini, sauti ya kusoma husikika kutoka mbali. Mwalimu huelekeza kijiti ubaoni, akatamka ‘ba’, na darasa zima likaitikia ‘ba’. Akatamka ‘be’, nao wakaitikia ‘be’, hadi safu nzima ikaisha. Apitaye nje ya dirisha atadhani kwamba watoto wote hao wanajua kusoma. Hata hivyo, mwalimu akianza safu hiyo kutoka mwisho, au akielekeza kijiti kwenye ‘bu’ kabla ya ‘ba’, aghalabu sauti hupungua ghafla na wakasalia watoto wachache tu wakiitikia. Hapo ndipo hubainika kuwa wengi wao hawakuwa wakisoma, bali walikuwa wakiimba wimbo walioukariri.

Tofauti hiyo baina ya kukariri na kusoma imewagharimu watoto wengi. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa Januari 2003, idadi ya wanafunzi katika shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Watoto walifika shuleni, lakini kufika shuleni na kujua kusoma ni mambo mawili tofauti. Tafiti za Uwezo, zilizoanza humu nchini mwaka 2009 na ambazo watafiti wake waliwatembelea watoto majumbani mwao, zilionyesha mara kwa mara katika miaka iliyofuata kwamba ni takriban watoto 3 pekee kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili.

Swali linalozuka basi ni hili: mwalimu wa madarasa ya chini afanye nini ili kila mtoto, wala si wale wepesi pekee, aweze kusoma na kuelewa? Majibu yapo, na mengi kati yake yamejaribiwa katika shule za Kenya zenyewe.

MAANA YA KUSOMA

Mtoto hujifunza kuzungumza kwa kuishi miongoni mwa wanaozungumza. Kusoma hakuji hivyo. Maandishi ni uvumbuzi wa binadamu, na mtoto hana budi kuonyeshwa waziwazi jinsi alama zilizo kwenye karatasi zinavyowakilisha sauti anazozitamka kila siku.

Mwaka 1986, wataalamu Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno yanayotamkika, na ufahamu wa lugha yenyewe. Walisisitiza kwamba hesabu hiyo ni ya kuzidisha, si ya kujumlisha. Jambo moja likiwa sufuri, jibu huwa sufuri. Mtoto anayezungumza Kiswahili sanifu lakini hazijui herufi hawezi kusoma. Vivyo hivyo, mtoto anayetamka kila neno la Kiingereza lililo mbele yake bila kujua maana ya hata moja, naye hajasoma.

Mwaka 2000, jopo la kitaifa kuhusu usomaji nchini Marekani lilipitia tafiti nyingi na kubainisha nguzo tano za ufunzaji wa kusoma. Nguzo hizo ni utambuzi wa sauti za lugha, uhusiano wa herufi na sauti, usomaji kwa ufasaha, msamiati, na ufahamu. Nguzo hizi hutegemeana, na mwalimu anayeipuuza mojawapo huwa anajenga nyumba yenye ukuta uliopungua.

SAUTI KABLA YA HERUFI

Kazi ya kwanza ya mwalimu huhitaji masikio, wala haihitaji kitabu. Mtoto sharti agundue kwamba neno huundwa kwa sauti zinazoweza kutenganishwa na kuunganishwa tena. Mwalimu anaweza kuuliza: neno ‘meza’ huanza kwa sauti gani? Neno ‘kitabu’ lina silabi ngapi? Ukiondoa ‘ka’ katika ‘kalamu’, kunabaki nini? Mtoto atakayejibu ‘lamu’ amepiga hatua kubwa, japo hajagusa chaki. Michezo ya namna hii huchukua dakika chache tu na huweza kufanywa hata chini ya mti.

Baada ya masikio kufunguka, herufi hufuata. Kosa linalotokea sana katika hatua hii ni kufunza majina ya herufi badala ya sauti zake. Mtoto aliyefunzwa kwamba ‘m’ ni ‘em’ ataunganisha ‘em’ na ‘a’ apate ‘ema’, na hatafika kwenye neno ‘mama’ ila kwa kubahatisha. Aliyefunzwa sauti yenyewe, inayotamkwa midomo ikiwa imefumbwa, huunganisha sauti hiyo na ‘a’ akapata ‘ma’ bila taabu. Majina ya herufi yana mahali pake, lakini hayafai kutangulia.

Mpangilio wa herufi pia una uzito. Hakuna haja ya kuanza na ‘a’ na kumalizia na ‘z’ kwa kuwa tu ndivyo alfabeti ilivyopangwa. Mwalimu anayeanza na irabu tano, kisha akaongeza konsonanti tatu tu, ‘m’, ‘k’ na ‘t’, huwa tayari amewapa watoto uwezo wa kusoma ‘mama’, ‘kaka’, ‘tamu’, ‘keti’, ‘kuku’, ‘mti’, ‘kamata’ na hata ‘tumika’. Mtoto anayesoma maneno kamili katika majuma ya kwanza hupata ari ya kuendelea. Herufi zinazofanana kwa umbo, kama ‘b’ na ‘d’, hazifai kufunzwa siku moja. Moja na izoeleke kwanza ndipo nyingine iletwe.

Silabi zikishafunzwa kwa mpangilio wake, zichanganywe. Kadi ndogo za karatasi ngumu zilizoandikwa silabi humwezesha mwalimu kuzipanga upya kila siku, na kumpa mtoto nafasi ya kuunda maneno kwa mikono yake. Kadi zinapochanganywa, wimbo wa kukariri hauwezi tena kumsaidia mtoto. Inamlazimu aangalie herufi.

NEEMA NA MITEGO YA KISWAHILI

Mwalimu wa Kiswahili ana bahati ambayo mwenzake wa Kiingereza hana. Maandishi ya lugha hii yalisanifishwa kwa utaratibu maalumu, hasa baada ya kuundwa kwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, na karibu kila herufi hutamkwa vivyo hivyo popote inapotokea. Irabu ‘a’ katika ‘baba’ ndiyo ile ile katika ‘bahari’ na ‘barua’. Mtoto akishazijua sauti na silabi, anaweza kusoma hata neno asilopata kulisikia.

Hata hivyo, kuna mitego. Baadhi ya sauti huandikwa kwa herufi mbili, mathalan ‘ch’, ‘sh’, ‘ny’, ‘dh’, ‘th’ na ‘gh’, na mtoto anayezisoma herufi hizo moja moja hupotea. Tofauti ya ‘ng’ katika ‘ngoma’ na ‘ng’’ katika ‘ng’ombe’ huhitaji somo lake. Halikadhalika, ‘m’ na ‘n’ huweza kusimama zenyewe kama silabi, jinsi ilivyo katika ‘m-tu’, ‘m-bwa’ na ‘n-chi’, ilhali katika ‘mbu-zi’ herufi ‘m’ huungana na zinazofuata.

Mtego mwingine ni urefu wa maneno. Neno ‘hatutawasomea’ lina silabi saba, nalo hubeba ukanushi, nafsi, wakati, mtendewa na kitenzi kwa pamoja. Kwa Kiingereza, maana hiyo huhitaji maneno kama sita. Mwalimu stadi hulivunja neno kama hilo ubaoni, ‘ha-tu-ta-wa-so-me-a’, kisha akawaonyesha watoto kwamba ndani yake mna ‘soma’ wanayoijua tayari.

SOMO LA DAKIKA 30

Kipindi katika madarasa ya chini huwa cha dakika 30, na dakika hizo zikitumiwa ovyo huisha kabla ya watoto kufungua vitabu. Mathalan, mwalimu anaweza kutenga dakika 5 za mwanzo kurejelea sauti za siku zilizotangulia, dakika 8 kufunza sauti au silabi mpya, dakika 10 za watoto kusoma maneno na hadithi fupi, dakika 5 za maswali na kuandika, na dakika 2 za kuhitimisha.

Katika kila sehemu, utaratibu ni wa hatua tatu. Kwanza mwalimu hutenda huku watoto wakitazama: huonyesha herufi, akatamka sauti yake, akaiunganisha. Pili, mwalimu na watoto hutenda pamoja. Tatu, watoto hutenda wenyewe, katika vikundi, wawili wawili, na hatimaye mmoja mmoja. Kuitikia kwa pamoja si kosa. Ni hatua ya pili, na humpa mtoto mwoga ujasiri wa kutamka akiwa katikati ya wenzake. Kosa ni somo kuanza na kuishia hapo. Ni katika hatua ya tatu pekee ambapo mwalimu hujua nani anajua na nani anafuata sauti ya jirani.

Mtoto anaposoma, kitabu kiwe mbele yake na kidole chake kiwe chini ya neno analolitamka. Mwalimu anayezunguka darasani akitazama vidole hivyo hutambua upesi ni nani macho yake yako dirishani ilhali mdomo unaitikia.

UFASAHA NA UFAHAMU

Kwa nini wataalamu hupima kasi ya kusoma? Sababu ni kwamba akili ya mtoto haiwezi kushughulikia mambo mengi kwa mpigo. Anayetumia nguvu zake zote kuunganisha ‘wi’ na ‘ngu’ hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau ilivyoanza. Kusoma kunapokuwa kwepesi ndipo akili hupata nafasi ya kuwaza juu ya maana.

Viwango vilivyowekwa nchini katikati ya miaka ya 2010, kwa kulihusisha Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, vilimhesabu mwanafunzi wa madarasa ya chini kuwa msomaji fasaha wa Kiswahili akisoma maneno 45 sahihi kwa dakika. Aliyefikisha maneno 17 alihesabiwa kuwa anayeanza kuinukia. Kwa Kiingereza viwango vilikuwa maneno 65 na 30. Kiwango cha Kiswahili kiko chini si kwa sababu lugha ni ngumu, bali kwa sababu maneno yake ni marefu, jinsi ilivyoelezwa hapo juu.

Ufasaha hupatikana kwa mazoezi. Mwalimu husoma hadithi kwanza kwa sauti yenye uhai, akipumua penye koma na kupandisha sauti penye swali, ili watoto wasikie usomaji mzuri ulivyo. Kisha wao husoma hadithi hiyo hiyo zaidi ya mara moja, wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akimsikiza. Hadithi ikisomwa mara ya tatu, hata mtoto mzito huanza kuifurahia.

Ufahamu nao haungojewi hadi mwisho wa somo. Kabla ya kusoma, watoto huangalia picha na kubashiri yatakayotokea. Baada ya kusoma, huulizwa maswali ya aina mbili. Tuseme hadithi ina sentensi hii: “Juma aliona wingu zito, akakimbia kuanua nguo.” Swali la kwanza, ‘Juma aliona nini?’, jibu lake limo kwenye maandishi. Swali la pili, ‘Kwa nini alikimbia?’, humtaka mtoto aunganishe alichosoma na anachojua kuhusu mvua. Darasa linaloulizwa maswali ya aina ya kwanza pekee hujifunza kunakili majibu, wala halijifunzi kufikiri.

Msamiati nao hutofautiana kwa mazingira. Mtoto wa Wajir huenda hajawahi kuona jahazi, na wa Lamu huenda hajawahi kuona shamba la majani chai. Ni vyema mwalimu ateue maneno mawili au matatu mapya kabla ya hadithi, ayaeleze kwa picha, kwa kifaa au kwa kitendo, na ayatumie tena siku zinazofuata. Vitendawili na ngano za jioni, ambazo jamii zote nchini zinazo, ni hazina isiyogharimu hata senti.

LUGHA YA NYUMBANI

Suala la lugha ya kufunzia limekuwa na historia ndefu. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza lugha inayozungumzwa katika mazingira ya shule itumiwe katika madarasa matatu ya mwanzo. Pendekezo hilo la pili limebaki katika sera hadi katika mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa Januari 2019, ingawa utekelezaji wake hutofautiana sana kati ya shule moja na nyingine.

Mradi wa PRIMR, ulioendeshwa na Wizara ya Elimu pamoja na washirika wake kati ya mwaka 2011 na 2014, ulijaribu kufunza kusoma kwa Kibukusu na Kikamba. Wanafunzi waliofunzwa kwa lugha zao walipata matokeo bora zaidi katika kusoma lugha hizo kuliko wenzao waliofunzwa kwa Kiingereza na Kiswahili pekee. Hilo halishangazi, kwani kwa mtoto huyo nusu ya hesabu ya Gough na Tunmer huwa imekamilika kabla hajaingia darasani: maana ya maneno anaijua, na kilichobaki ni kufunzwa alama.

Mwalimu anapaswa pia kutofautisha kosa la kusoma na athari ya lugha ya kwanza. Mtoto wa Kijaluo anayesoma ‘shati’ kama ‘sati’, au wa Kikuyu anayechanganya ‘l’ na ‘r’, huenda amezitambua herufi zote barabara. Anahitaji mazoezi ya matamshi. Hahitaji kurudishwa kwenye herufi za mwanzo.

KUMSIKIZA KILA MTOTO

Darasa likiwa na watoto 60, walimu wengi huona kwamba kumsikiza kila mmoja ni ndoto. Lakini hesabu si ngumu. Mwalimu akiwasikiza watoto 6 kwa siku, kila mmoja kwa dakika moja huku wengine wakiandika, atakuwa amewasikiza wote 60 katika siku 10 za masomo, yaani majuma mawili. Daftari dogo lenye majina, idadi ya maneno yaliyosomwa na herufi zinazomtatiza kila mtoto litamweleza mengi kuliko mtihani wa mwisho wa muhula.

Daftari hilo humwezesha pia kuwapanga wanafunzi. Mnamo 2005, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza uchunguzi katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, ambako darasa la kwanza liliongezewa mwalimu na kugawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule hizo, watoto waligawanywa kulingana na uwezo wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mpango huo uliwafaidi wenye nguvu na wanyonge pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kufunza kwa kiwango kilichowafaa waliokuwa mbele yake. Funzo kwa mwalimu aliye peke yake ni kwamba kundi dogo la wanaosalia nyuma, likitengewa dakika chache kila siku, huweza kufufuka. Hata hivyo, makundi hayo yabadilishwe mara kwa mara, wala yasipewe majina ya kudhalilisha.

Jinsi kosa linavyosahihishwa ni jambo jingine la kuzingatiwa. Mtoto akikosea, mwalimu humpa muda kidogo ajisahihishe. Akishindwa, humwonyesha silabi iliyomtatiza, kisha akamtaka alisome neno lote upya. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini kicheko cha wenzake darasani humchapa mtoto vilevile. Anayechekwa mara mbili hujifunza kunyamaza, na anayenyamaza hatambuliki tena kuwa hajui. Isitoshe, mwalimu achunguze iwapo mtoto huyo anauona ubao na kuisikia sauti yake sawasawa, kabla ya kumhukumu kuwa ni mzito.

MAFUNZO KUTOKA SHULE ZA KENYA

Je, serikali ikinunua vitabu tu, watoto watasoma? Uchunguzi ulioanza katikati ya miaka ya 1990 katika wilaya za Busia na Teso ulitoa jibu lisilotarajiwa. Shule zilizopewa vitabu vya kiada hazikupata ongezeko la wastani wa alama. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa bora tangu awali, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza ambacho wengi hawakuweza kukisoma.

Katika pwani ya Kenya, mradi mwingine uliwafuatilia watoto tangu kuanza darasa la kwanza hadi mwisho wa darasa la pili katika shule 101 za umma. Walimu wa shule 51 walipewa mafunzo, mipango ya masomo iliyoandaliwa na ujumbe mfupi wa simu kila juma wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Shule 50 zilibaki kama kawaida ili kulinganishwa nazo. Walimu waliosaidiwa walianza kutumia maandishi zaidi na kutilia mkazo herufi na sauti. Watoto wao walisoma vizuri zaidi, na kiwango cha walioacha shule kilishuka kutoka asilimia 5.3 hadi asilimia 2.1. Takwimu hiyo ya mwisho inafaa kutafakariwa: mtoto anayeelewa kinachoendelea darasani ana sababu ya kurudi kesho.

Mradi wa PRIMR nao ulilinganisha makundi matatu. La kwanza lilipata mafunzo ya walimu na ushauri wa darasani. La pili liliongezewa vitabu, kimoja kwa kila mwanafunzi. La tatu likaongezewa pia mwongozo wa mwalimu unaoeleza somo la kila siku hatua kwa hatua. Kundi la tatu ndilo lililopata ufanisi mkubwa zaidi, na hata gharama ilipolinganishwa na matokeo, ndilo lililokuwa na nafuu. Jaribio jingine la mradi huo, lililofanywa Kisumu kwa kuwapa maafisa, walimu au wanafunzi vifaa vya kielektroniki, lilionyesha kwamba vifaa hivyo vilisaidia, lakini havikuwa na faida ya kupiku mpango wa kawaida wa vitabu, miongozo na ushauri uliogharimu kidogo.

Ni mafunzo hayo yaliyozaa Tusome, mpango ulioanza mwaka 2015 kwa ufadhili wa shirika la Marekani la USAID na kufika katika shule zaidi ya 20,000 za umma kote nchini. Kila mtoto alipata kitabu chake, kila mwalimu mwongozo wake, na maafisa wa elimu wa mashinani walizuru madarasa wakiwa na vishikwambi, wakawasikiza watoto wachache wakisoma, kisha wakaketi na mwalimu kushauriana. Tathmini iliyofanywa mwaka 2016 ilionyesha hatua kubwa katika lugha zote mbili, ingawa wanafunzi wengi walikuwa bado chini ya kiwango cha ufasaha.

Baadhi ya walimu walilalamika kwamba mwongozo wa hatua kwa hatua uliwafanya kama kasuku. Lalama hiyo ina uzito kwa mwalimu mkongwe aliyebobea. Kwa mwalimu aliyetoka chuoni bila kufunzwa namna ya kufunza kusoma, mwongozo ni dira. Akishaijua njia, ataacha kuitazama kila hatua.

WAJIBU WA WENGINE

Mwalimu hawezi kuubeba mzigo huu peke yake. Mwalimu mkuu ndiye huamua nani afunze Gredi ya Kwanza, na shule inayowaweka huko walimu wake wachovu ili kuwahifadhi walio hodari kwa madarasa ya mitihani hujikata mguu yenyewe. Vivyo hivyo, vitabu vilivyofungiwa kabatini kwa kuhofia kuraruka havimsaidii yeyote. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake.

Mzazi pia ana nafasi, hata kama yeye mwenyewe hakupata kusoma. Anaweza kumwambia mtoto amsomee kila jioni, akamsikiza kwa makini, kisha akamuuliza hadithi ilihusu nini. Mtoto anayeshindwa kueleza alichosoma ametoa ishara ambayo mzazi anaweza kuifikisha kwa mwalimu.

Serikali nayo ina jukumu zito zaidi sasa. USAID ilikoma shughuli zake Julai 2025, na ule usaidizi wa kigeni uliowawezesha maafisa kuzuru madarasa hauwezi kutegemewa tena. Miongozo iliyochapishwa huchakaa, walimu hustaafu na wapya huajiriwa. Pasipo bajeti ya kudumu ya vitabu, mafunzo na nauli ya afisa anayepaswa kumfikia mwalimu aliye mbali na barabara ya lami, mafanikio ya muongo mzima huenda yakafifia polepole bila yeyote kuyatangaza.

Mwaka 1986, mtaalamu Keith Stanovich alieleza kwamba katika kusoma, aliye nacho huongezewa. Mtoto anayesoma mapema husoma zaidi, akapata maneno mengi zaidi, na kila somo likawa jepesi kwake. Asiyejua kusoma huingia Gredi ya Nne, ambako Sayansi, Jamii na Hisabati zote humngoja ndani ya vitabu asivyoweza kuvifungua, na pengo hupanuka kila muhula. Kulirekebisha akiwa na miaka saba huhitaji dakika chache za kila siku na mwalimu anayejua la kufanya. Kulirekebisha akiwa na miaka kumi na mitano huhitaji mengi mno, na mara nyingi hakuna anayejaribu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.